Mlango wa Nyuma wa Gari la Zamani

Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona kuwa ni la makanika peke yao, nalo ni kuutia mlango wa nyuma katika gari lililokwisha kula chumvi nyingi, baada ya ule wake wa asili kubondwa katika ajali au kuliwa na kutu, na kuuziba mlango huo hata usipitishe maji wala vumbi wala moshi. Nimelichagua kwa kuwa ni kazi ya ajabu miongoni mwa kazi za gereji: ubovu wake hauonekani siku ya kukabidhiwa gari. Injini iliyotengenezwa vibaya hugoma palepale, na breki iliyofungwa ovyo humtisha mwenyewe kabla hajafika kona ya pili. Lakini mlango wa nyuma uliotiwa kwa pupa hung'aa kwa rangi mpya, hufungwa kwa kishindo cha kuridhisha, na mwenye gari hulipa na kushukuru, mpaka mvua za mwezi wa tatu ziingie, zile ambazo hapa kwetu Rwanda huitwa Itumba, ndipo anapoinua zulia la nyuma akakuta maji yametuama na bati limeanza kugeuka rangi.

Na nikisema gari la zamani hapa Kigali, wengi wenu mmekwisha kulijua gari ninalolikusudia. Mtu akisimama kandoni mwa barabara ya Nyamirambo, au karibu na stendi ya Nyabugogo, hatangoja dakika nyingi kabla ya kupitiwa na RAV4 ya Toyota, gari ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1994, likabadilishwa umbo mwaka 2000 na tena mwaka 2005, na ambalo vizazi vyake vitatu vya kwanza vyote vina mlango wa nyuma usioinuka kwenda juu bali unaofunguka kwa ubavu, na aghalabu umebeba tairi la akiba mgongoni. Ni kizazi cha nne tu, kilichoingia sokoni mwaka 2013, ndicho kilichopewa mlango wa kuinua. Basi ule mlango wa ubavu ndio utakaotushughulisha zaidi jioni hii, kwa sababu ndio tulio nao wengi, na kwa sababu una matatizo ambayo mlango mwingine hauna.

Jambo la kwanza la kutazama ni bawaba zake, ambazo ziko upande wa kulia. Wajapani huendesha kushoto mwa barabara. Mtu wao akisimamisha gari kandoni, ukingo wa njia huwa upande wake wa kushoto, na mlango uliofungwa kwa bawaba za kulia humwachia nafasi wazi ya kupakia mizigo bila ya kushuka barabarani. Nasi huku Rwanda, tuendeshao kulia tangu siku za ukoloni, ukingo wetu uko upande uleule wa bawaba, kwa hiyo mama aliyetoka sokoni Kimironko na vikapu vyake hujikuta mlango umesimama kama ukuta kati yake na nafasi ya mizigo, naye hana budi azunguke hadi upande wa magari yapitayo. Hilo si kosa la fundi yeyote na wala haliwezi kurekebishwa. Lakini lina athari moja katika mazungumzo yetu, nayo ni kwamba mlango huu husukumwa sana kuliko ulivyokusudiwa, huegemewa, hupigwa na nguzo za kandoni, na kile kizuizi chake kinachouzuia usifunguke kupita kiasi huchoka upesi. Ongezeni juu ya hayo uzito wa tairi la akiba pamoja na ringi yake, ambao hukaribia kilo 20 au kuzidi, ukining'inia usiku na mchana mbali na bawaba, katika mji wa vilima na njia za mawe, nanyi mtafahamu kwa nini bawaba za gari la miaka 20 huwa zimelegea hata kama mlango wenyewe haujapata kugongwa maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo nawasihi wenye magari, kabla ya kwenda kununua mlango mwingine, wafungue ule wa zamani kidogo, washike ncha yake iliyo mbali na bawaba, wauinue kwa mikono miwili. Ukicheza kwenda juu na chini, ugonjwa umo katika pini za bawaba, na mtu anayebadilisha mlango akaziacha bawaba mbovu amenunua taabu ileile kwa rangi nyingine.

Mlango wenyewe hupatikana wapi? Hapa mjini wengi huteremka Gatsata, chini ya mlima Jali, ng'ambo ya mto Nyabugogo, ambako tangu zamani ndiko kwenye maduka ya vipuri na karakana, ijapokuwa miaka ya karibuni serikali imeziondoa nyingi zilizokuwa zimejengwa ndani ya kinamasi. Vipuri vingine hutoka Kampala, vingine Dar es Salaam, na vingine Sharjah katika Emirati, ambako magari yaliyokufa huvunjwa na kuuzwa kiungo kwa kiungo. Hapa lipo swali ambalo watu huliuliza kwa haki: maadam Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia tangu mwaka 2005, na jirani zetu wa Uganda na Tanzania huendesha magari hayohayo ya usukani wa kulia, je, mlango wa nyuma uliotoka Kampala utalifaa gari letu? Jawabu ni kwamba dashibodi haitafaa, taa za mbele huenda zikaelekeza mwanga upande usiotakiwa, lakini mlango wa nyuma hauna habari na usukani. Kiwanda hakikujisumbua kuhamisha bawaba kwa ajili ya nchi ziendeshazo kulia, na uvivu huo wa kiwanda, ambao humkera yule mama wa Kimironko, humfaidi mnunuzi wa vipuri. Anachopaswa kutazama ni mwaka wa gari, mahali pa kufungia namba, matundu ya waipa na ya taa ya breki ya juu, umbo la soketi za nyaya, na zile boliti za kubebea tairi, kwani katika hayo ndimo zinamotofautiana nchi na nchi na miaka na miaka.

Mlango wa mtumba huchunguzwa kwa subira, wala muuzaji asikuharakishe kwa kukuambia kwamba yuko mwenzio anayeungoja. Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini, uipitishe juu ya bati lote. Mahali itakapoacha kushika, jua kwamba chini ya rangi kuna puti, na puti nyingi ni dalili ya pigo kubwa. Kisha ugeuze mlango utazame ukingo wake wa chini kwa ndani, pale ambapo bati la nje limepindwa juu ya fremu na kubanwa: hapo kiwandani hupakwa mastiki, na mastiki hiyo ikishapasuka kwa uzee, maji hujipenyeza katikati ya bati mbili, na kutu huanza mahali ambapo hakuna jicho liwezalo kuiona mpaka iivimbishe rangi kwa malengelenge. Tazama vilevile mahali pa bawaba na mahali pa kubebea tairi, maana uzito ule niliousema hupasua bati kwa nyufa nyembamba ambazo mchomeleaji hodari huzificha kwa dakika tano. La mwisho, omba stakabadhi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na asiye mwaminifu ni heri akasirike mapema kabla hujampa fedha.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ambayo mimi naiona kuwa ni kazi ya macho zaidi kuliko ya mikono. Fundi wa kweli huanza kwa kutafuta mahali tambarare, jambo ambalo katika mji huu si rahisi hata kidogo, kwa kuwa gari lililosimama kwenye mteremko, tena moja ya magurudumu likiwa juu ya jiwe, bodi yake hujipinda kidogo, na hasa bodi ya zamani, na mlango uliopangwa sawa katika hali hiyo hutoka katika usawa wake gari likishuka barabarani. Kabla hajagusa spana, hupima uwazi wa nyuma wa gari toka pembe ya juu ya kulia hadi ya chini ya kushoto, kisha toka ya juu ya kushoto hadi ya chini ya kulia. Vipimo viwili hivyo vikilingana, gari lina uso ulionyooka. Vikitofautiana sana, basi pigo lililouharibu mlango liliipinda na fremu, na hapo kazi ya kwanza ni kuinyoosha bodi kwa mashine, wala hakuna mlango katika dunia hii, uwe mpya kutoka kiwandani, utakaokaa sawa juu ya fremu iliyopinda. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa mteja hakuiomba na hataki kuilipia. Mimi nawalaumu wote wawili, ila mteja namlaumu zaidi.

Mlango hutundikwa bila ya tairi lake, na boliti za bawaba hukazwa nusu tu, ili ubaki na uhuru wa kusogezwa. Na hapa pana siri ambayo haikosi kumtenganisha fundi na mbahatishaji: kile chuma cha mwilini mwa gari kinachopokea kitasa hufunguliwa na kuwekwa kando kabisa, kwa sababu kikiwapo, kila mlango unapofungwa chuma hicho huuvuta na kuuinua mahali pake, nao huonekana umenyooka ilhali umelazimishwa. Mlango usioshikwa na kitu chochote isipokuwa bawaba ndio husema kweli. Fundi huusogeza mpaka upenyo wa kushoto ulingane na wa kulia, na wa juu usiwe mpana kupita ilivyo haki yake, na bati la mlango lilingane na bati la ubavuni hata ukipitisha kiganja usihisi ngazi. Ndipo akaze boliti, arudishe kipokeo cha kitasa kifuate mlango ulipo, badala ya kuufanya mlango ukifuate kipokeo. Akiisha hayo, hufunga tairi la akiba na kupima upya, maana mlango utashuka kidogo kwa uzito, na kushuka huko kunatakiwa kufidiwa sasa, si baada ya wiki mbili.

Wenye magari ya mlango wa kuinuka wasidhani nimewasahau. Kwao hakuna tairi la kuvuta, lakini zipo shokomzoba mbili za gesi zinazoubeba mlango ukiwa juu, na zikichoka mlango humwangukia mtu kichwani; kwa hiyo zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na mlango ushikiliwe na mtu wa pili muda wote zikiwa zimefunguliwa. Wenye pikapu wao hawana la kuziba, illa waliofunga kofia ya bati au ya plastiki juu ya bodi, na hao hali yao ni kama yetu.

Baada ya mlango kunyooka ndipo inapokuja habari ya mpira. Mpira wa mlango ni bomba laini lenye utepe wa chuma ndani ya shina lake, ambalo hupachikwa juu ya ukingo wa bati kuzunguka uwazi wote, na kazi yake huifanya kwa kubanwa: ukibanwa sawasawa kila mahali, huzuia, ukibanwa kupita kiasi mahali pamoja na kuachwa wazi mahali pengine, hauzuii hata ukiwa mpya. Wa zamani uliokauka na kulala usirudishwe kwa kuwa eti bado haujakatika. Ukingo husafishwa kwa msasa hadi kutu iishe, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, huachwa ukauke, kisha mpira hupachikwa kuanzia juu, pembeni ukisukumwa bila ya kuvutwa, kwani mpira uliovutwa kwenye pembe hunywea baadaye na kuacha mwanya. Na ile sehemu ambapo ncha zake mbili hukutana huwekwa chini katikati, ambako maji hayateremki moja kwa moja kutoka paani.

Kuna dawa moja ambayo naiogopa kuliko kutu yenyewe, nayo ni ile gundi ya silikoni ya mabafuni, iuzwayo katika kila duka la vifaa vya ujenzi, ambayo fundi asiye na subira huimimina kuzunguka mlango ili kufunika upungufu wa kazi yake. Itambueni kwa harufu: ikiwa mbichi hunukia siki, na harufu hiyo si bahati mbaya, kwa sababu inapokauka hutoa asidi ileile iliyomo katika siki, na asidi hiyo hukila chuma kilicho wazi chini yake. Fauka ya hayo, rangi haishiki juu ya silikoni, na masalio yake humsumbua mpaka rangi atakayekuja baada ya miaka mitano. Mahali panapohitaji kuzibwa kwa mastiki, yaani kwenye mapindo ya bati na maungio yaliyochomelewa, panahitaji mastiki ya magari ya aina ya poliurethini, ambayo hukubali rangi na hubaki na unyumbufu; nayo hutaka kuachwa ikauke bila ya kuharakishwa. Katika hili Kigali imetupa msaada bila ya kukusudia, kwani tangu mwaka 2016 tumekuwa na zile Jumapili ambazo barabara kuu hufungiwa magari asubuhi ili watu watembee na kukimbia, na gari lililopakwa mastiki Jumamosi jioni halina udhuru wa kutoka uani siku inayofuata.

Ndani ya mlango, nyuma ya lile bao la pambo, hukaa karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Watu wengi huidhania kuwa ni ufungashaji uliosahauliwa kiwandani, nao huichana na kuitupa. La! Maji hupenya siku zote katika matundu ya waipa na ya kitasa na kuingia tumboni mwa mlango, na hilo lilijulikana tangu gari lilipobuniwa, ndiyo maana chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa. Karatasi ile huyaelekeza maji yashuke kwenye matundu badala ya kuingia garini. Aliyeitupa karatasi, au aliyeyaziba matundu kwa rangi na puti, ameufanya mlango kuwa birika, kisha atakuja kuushutumu mpira usio na hatia.

Sasa nataka niseme jambo moja zito, na naomba wenye watoto wanisikilize. Gari liendapo kasi huacha nyuma yake mahali ambapo shinikizo la hewa limepungua, na mahali hapo huvuta kila kilicho karibu. Wakati wa kiangazi, ile Impeshyi yetu ya mwezi wa sita hadi wa nane, huvuta vumbi jekundu la njia zisizo na lami, na mwenye gari hulalamikia uchafu. Lakini vumbi ni mjumbe tu, kwa maana penye njia ya vumbi pana njia ya moshi, na bomba la moshi liko hapohapo chini ya mlango. Ndani ya moshi huo, hasa wa injini kongwe ya petroli, imo hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kuibeba hewa ya uhai. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma katika safari ya kwenda Huye, akaamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu, aghalabu husemwa amezidiwa na kona za milimani. Na huenda ni kona kweli, lakini katika gari ambalo mlango wake wa nyuma ulibadilishwa, mzazi mwenye hadhari hutazama mpira kabla ya kuzilaumu kona. Ndiyo maana nakataa kuuita mlango huu pambo la gari.

Kujua kama kazi imetimia hakuhitaji mashine. Kipande cha karatasi kinachobanwa kati ya mlango na mpira kikivutwa kinatakiwa kigome kwa ugumu uleule pembe zote nne. Unga wa chaki ukipakwa juu ya mpira, mlango ukafungwa na kufunguliwa, huacha mstari mweupe juu ya bati, na palipokatika mstari ndipo penye mwanya. Usiku mtu akae ndani na mwenzie azunguke nje na tochi. Na maji yamwagwe kuanzia chini, yapandishwe polepole, huku mtu akitazama ndani, kwa sababu yakimwagwa juu kwanza hutiririka kote na hutajua yameingilia wapi. Yakionekana maji na mlango hauna ila, zitazamwe raba za taa za nyuma, kile kizibo kinachopitisha nyaya kati ya bodi na mlango, na maungio ya paa, kwani wengi wamebadilisha mpira mara mbili kwa kosa la taa.

Baada ya hapo ihakikishwe kwamba taa ya namba inawaka, kwa kuwa katika mlango wa mtumba waya wake ndio hukatika wa kwanza, na kule Remera katika kituo cha polisi cha kukagua magari taa hutazamwa. Namba ifungwe kwa boliti, isigandishwe kwa gundi.

Nanyi wenye magari nawaombeni jambo moja: fungu la mwisho la malipo libaki mkononi mpaka mlango umwagiwe maji mchana, mbele ya macho yenu, zulia likiwa limeinuliwa. Fundi anayeijua kazi yake hatakataa.